Chumba cha Arobaini

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Alhamisi ya pili ya Machi, godoro la chumba cha mashariki lilikuwa limeegemezwa ukutani kwenye roshani ya nyumba ya Bi Masouda, Mabela, likiota jua. Buthaina, binti yake mkubwa, aliliona kabla hajazima gari. Alikuwa amechukua ruhusa ya siku moja kazini, katika chumba cha dawa cha hospitali moja ya mjini, na kwenye kiti cha nyuma alikuwa na vitu alivyoagizwa: sabuni ya unga, kulabu za pazia, na pakiti mbili za nafthalini, vile vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo.

Siku hiyo kazi mbili zilikuwa zimekutana. Ya kwanza ilikuwa ya kila mwaka. Baridi inapokwisha Maskati, blanketi nzito huingia sandukuni, shuka nyepesi hutoka, pazia hubadilishwa, na kiyoyozi kilicholala tangu Novemba huoshwa kabla joto halijaanza. Ya pili ilikuwa ya mara moja. Bashayer, mdogo wake Buthaina, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume Jumanne na angetoka hospitali saa kumi alasiri. Kwa desturi yao waliyokuja nayo kutoka Unguja, mzazi hukaa siku arobaini kwa mama yake, na chumba huwa tayari kabla hajafika mlangoni.

"Umechelewa," alisema Masouda. "Nilikwambia saa mbili."

"Saa mbili na dakika kumi, Mama."

"Ndo hivyo nnavyosema. Umechelewa."

Ndani ya chumba, Humam alikuwa juu ya ngazi akitoboa ukuta kwa ajili ya fimbo mpya ya pazia. Alikuwa na miaka thelathini na minane, mhandisi wa maji, bado anaishi kwa mama yake. Vifaa vyake vya masikio, vya kumsaidia kusikia, alikuwa amevitoa na kuvitia mfukoni, kwa sababu ya kelele za mashine. Alizaliwa akisikia, au ndivyo familia ilivyoamini. Akiwa na siku tisa aligeuka manjano mwili mzima, akabadilishwa damu hospitali, akapona. Walipogundua kwamba hageuki anapoitwa alikuwa na mwaka na nusu.

Sanduku lilikuwa wazi kwenye ukumbi wa juu. Masouda alitoa tabaka moja baada ya jingine: shuka nne za pamba, foronya zake, blanketi dogo la manyoya, kanga sita kuukuu zilizolainika kwa kufuliwa, za kumfungia mtoto, na mfarishi mdogo wa rangi ya samli alioushona mwenyewe mwaka aliozaliwa Buthaina. Kila tabaka lilikuwa na vidonge vyake vya nafthalini, vilivyofungwa kwenye vipande vya kitambaa.

"Nusa," alisema, akimsogezea Buthaina foronya. "Usafi huo."

Buthaina alinusa, hakusikia jipya.

Beryl, msaidizi wa nyumba, Mkenya kutoka Kisumu aliyeanza kazi hapo wiki tatu zilizopita, alirudi nyuma hatua mbili. "Mama, hii dawa ni kali. Inaniuma macho."

"Utazoea. Mende wa nyumba hii washazoea."

"Basi hiyo dawa haifanyi kazi, Mama."

Masouda alimtazama, kisha akacheka kwa pua. Godoro lilirudishwa ndani saa tatu. Likatandikwa shuka mbili za sandukuni, na mfarishi ukawekwa upande atakaolala mtoto. Kabatini Masouda alining'iniza vifuko sita vipya kutoka kwenye pakiti alizoleta Buthaina. Alitandika kila kona mara mbili. Mara ya pili hakuna aliyeona alichosahihisha.

Saa tatu na dakika arobaini simu ya Buthaina ililia. Alikuwa Bashayer.

"Majibu ya damu ya kitovu yametoka," alisema. "Wamesema ana ule upungufu. Wa kimeng'enya. Kama wa Humam."

"Manjano?"

"Kidogo, machoni. Wamesema kwa leo si kitu. Wamenipa kadi ya vitu vya kuepuka."

"Nitumie picha yake."

"Simu inakufa, dada. Nikipata chaji nnakutumia."

Upungufu huo, wa kimeng'enya kinacholinda chembe za damu, si jambo la ajabu Oman. Karibu kila ukoo una mtu mwenye nao, na wengi huuita maradhi ya ful, kwa yale maharage makubwa yanayojulikana kuwa adui wake. Masouda alipoambiwa alitulia mara moja.

"Basi asile ful. Humam hali ful, na mzima. Na huyu ana siku mbili, atayatafuna kwa meno ya nani?"

Buthaina alikwenda kwenye kabati la dawa la nyumba, akasoma kila chupa, akaondoa mbili. Kwa maoni yake alikuwa amemaliza.

Picha ya kadi ilifika saa nne na dakika ishirini na tano. Upande wa mbele kulikuwa na orodha ya dawa, na zote alizijua. Upande wa nyuma kulikuwa na mistari minne: ful, hina kwenye ngozi ya mtoto, dawa za miti zisizojulikana, nafthalini, pamoja na nguo na matandiko yaliyohifadhiwa nayo.

Huo mstari wa nne pia aliujua. Aliusoma mwaka wa pili wa chuo, akaujibu kwenye mtihani, akapata alama zote. Haukuwahi kukutana kichwani mwake na sanduku la mama yake. Alikuwa amesimama ndani ya harufu hiyo kwa saa mbili na robo na hakuisikia, kwa sababu ndiyo harufu ya nguo za Idi, ya shuka za wageni, ya nyumba yao. Yeye mwenyewe ndiye aliyeinunua.

Alifungua madirisha yote mawili ya chumba.

"Mama, tuvitoe vyote."

"Vipi?"

"Matandiko. Kila kitu cha sandukuni. Nafthalini inavunja damu ya mtoto mwenye upungufu huu. Si lazima aile. Akiivuta tu, akifunikwa nayo tu, inatosha. Manjano yanapanda mpaka kwenye ubongo, yanaweza kuondoa hata usikivu."

"Nani kasema?"

"Kadi imesema. Na mimi nnasema."

"Wewe ndo uliyeninunulia."

"Ndiyo. Nimekosea."

Masouda aliweka mkono juu ya mfarishi. "Tutavianika. Na jua hili, mpaka saa tisa vitakuwa safi. Halafu nnafukiza udi."

"Udi utaifunika harufu, hautaiondoa. Na kwa masaa manne jua halitoshi."

"Basi mjukuu wangu alale juu ya nini, Buthaina? Majani? Bashayer aje akute kitanda kitupu, aseme mama yake hakumtayarishia?" Sauti yake ilikuwa imepanda. "Nyote watatu mmelalia nguo za sanduku hili. Watatu! Kwa mfarishi huu huu. Mmekufa?"

Juu ya ngazi Humam alikuwa amewapa mgongo, akipima kwa rula umbali wa tundu la pili. Masouda aliutazama mgongo huo kwa muda. Alipozungumza tena, sauti ilikuwa ya chini.

"Humam alizaliwa Januari," alisema. "Tulitoka hospitali siku ya tatu. Kulikuwa na baridi, na nyumba ile ya Matrah ilikuwa inapenya upepo. Nikafungua sanduku."

"Mama."

"Siku ya tisa akawa manjano. Nnakuuliza, ilikuwa hiyo?"

"Hatujui. Siku zile hakuna aliyeuliza, hakuna aliyeandika."

"Sikukuuliza nani kaandika nini. Nnakuuliza wewe uliyesoma."

Buthaina alitafuta jibu ambalo lingekuwa kweli kwa ukamilifu wake. "Inawezekana," alisema. "Watoto wengine wa upungufu huu huwa manjano bila kuguswa na kitu chochote. Siwezi kusema ndiyo. Wala siwezi kusema siyo."

Masouda aliinua mfarishi kitandani, akaukunja mara nne. Kisha akaenda kwenye ngazi, akamgusa Humam mguu. Humam alishuka, akavaa vifaa vyake vya masikio, akawatazama mmoja mmoja.

"Mnaniteta?"

"Tunakuteta," alisema Masouda. Alisimama mbele yake, mahali Humam anapoweza kuiona midomo yake, akamwambia yote: kadi, vidonge, Januari ile, blanketi la sandukuni. Hakuacha kitu. Mwisho alisema, "Nisamehe."

Humam alimgeukia Buthaina. "Imethibitishwa?"

"Hapana. Na haitathibitishwa."

Alikaa kwenye ngazi ya chini kabisa. "Miaka yote hii mnaninyima ful," alisema, "na mimi naipenda." Hakuna aliyecheka. Akainuka. "Mama, ulinifunika kwa sababu kulikuwa na baridi. Haya, kipi kinatoka kwanza?"

Walianza na vifuko vya kabatini. Shuka, foronya, kanga na mfarishi viliingia kwenye mifuko mizito ya plastiki, ikafungwa na kushushwa stoo ya uani, pamoja na sanduku lenyewe. Godoro lilirudi roshani. Pazia lililokuwa bado linangoja fimbo yake likatolewa nalo. Beryl alipiga deki kwa maji ya moto mara tatu. Saa sita Buthaina alisimama katikati ya chumba akavuta pumzi, akatambua kwamba kipimo chake hakifai.

"Pua yangu si ya kuaminika," alisema. "Wala ya Mama, wala ya Humam. Beryl, njoo wewe."

"Yaani leo mimi ndiyo mashine?"

"Wewe ndiye mashine."

Beryl aliingia, akafunga macho, akazunguka chumba pole pole kama mtu anayetafuta uvujaji wa gesi. "Bado iko. Iko kwa kabati, ndani ya mbao. Na hapa kwa ukuta, nyuma yake."

"Kabati tutalitoa," alisema Humam.

"Na huko kwa godoro pia nimepita. Iko."

Walijaribu chumba cha Masouda. Beryl alitoka kabla hajafika dirishani. Akaingia majlisi, akasema humo hamna kitu.

"Mzazi alale majlisi?" Masouda alishika kiuno. "Wageni wakija wakae wapi, juu yake? Beryl, tafuta kwengine."

Kwengine kulikuwa kumoja. Beryl alifungua mlango wa Humam, akaingia, akakaa ndani karibu dakika nzima. Humam alikuwa na desturi ya kuziacha nguo zake kwenye kiti, na kwa miaka kumi alikuwa amemkataza mama yake kumpangia kabati. Lilikuwa gomvi lao la kila Idi.

"Hapa ni soksi tu," Beryl alitangaza. "Soksi nyingi. Lakini ile dawa hakuna."

"Alhamdulillahi kwa uchafu wake," alisema Masouda, na hapo ndipo Humam alipocheka.

Saa saba kamili kitu cha mwisho kilichokuwa na nafthalini, hata kabati lile na nguo za Masouda, kilikuwa nje ya nyumba. Humam alihamishia nguo zake na kompyuta majlisi, akaenda dukani, akarudi na seti mbili za shuka za pamba, blanketi la mtoto na vitambaa vya kumfungia. Buthaina alivifua vyote kwa maji ya moto, akavianika juu ya paa, ambako vilikauka kwa dakika hamsini. Kiyoyozi kilioshwa, kikawashwa nusu saa na kuzimwa. Beryl aliitwa tena, akanusa, akasema sawa.

Shuka zilikuwa nyeupe, bila tarizi, na mikunjo ya kiwandani bado ilionekana. Buthaina alitaka kutandika.

"Ondoka," alisema Masouda. "Hii kazi yangu."

Aliosha mikono hadi viwiko, akabadilisha nguo kwa kanga iliyokuwa kwenye kamba ya uani tangu jana, akatandika. Alipita kila kona mara mbili.

Bashayer alifika saa kumi na dakika thelathini na tano, mtoto akiwa kifuani kwa mumewe, Wael. Alisimama kwenye mlango wa chumba.

"Mbona kwa Humam?"

"Kaa kwanza," alisema Masouda. "Nitakueleza mwenyewe."

Alimweleza akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Alieleza hata sehemu ya Humam. Bashayer alimsikiliza, kisha akatoa mikono yake miwili, akamchukua mtoto kwa Wael, akamweka mapajani mwa mama yake.

Jumapili, saa tatu na nusu asubuhi, walikuwa kituo cha afya: Bashayer, mtoto, Masouda na Buthaina. Muuguzi alikuwa na fomu, na alisoma maswali bila kuinua kichwa. Mtoto ananyonya? Mara ngapi? Mkojo wa rangi gani? Je, amekuwa karibu na nafthalini, au nguo zilizohifadhiwa nayo?

"Hapana," alisema Bashayer.

"Ngoja," alisema Masouda. "Hajaguswa nayo. Lakini ilikuwemo nyumbani, miaka mingi, mpaka Alhamisi saa saba mchana, na yeye kaingia saa kumi na nusu na kitu. Chumba alicholala hakikuwa nayo. Andika."

Muuguzi aliinua kichwa. "Saa saba?"

"Saa saba kamili."

Akaandika. Saa tatu na dakika hamsini na mbili aliweka kipimo cha manjano kwenye paji la uso la mtoto, akakisoma: mia moja sabini na moja. Akaweka nukta kwenye chati, chini ya mstari wa kuanzia matibabu, na kumpa Bashayer miadi ya Jumatano.