Mguu wa Tsuma

Aidarus alibebwa juu ya kiti chake mpaka kando ya njia ya Mtopanga, blanketi magotini ingawa jua lilikuwa kali, saa ya mnyororo kiganjani. Saa hiyo ndiyo ilikuwa tuzo miaka ishirini nyuma, mwaka wa 1928, gari lake la kijani lilipolishinda lile jeusi la rafiki yake Aqil kwa sekunde nne. Siku hiyo, husimuliwa, kuku wa Junda walitaga kabla ya wakati na vumbi likakaa hewani siku tatu. Kuku wametiwa chumvi. Sekunde nne ni za kweli, na zilitoka mguuni mwa Tsuma.

Kwa masharti ya wazee hao wawili, magari hayakukimbia bega kwa bega. Lilizunguka moja shamba la mikorosho, kisha jingine, na yote mawili yaliendeshwa na mtu mmoja, isije ikasifiwa mikono ya dereva badala ya injini. Mtu huyo alikuwa fundi Tsuma. Aidarus ndiye aliyemtoa kwenye kukwea minazi akamfunza ufundi. Basi kwenye kona ya mwisho, akiwa ndani ya gari jeusi, Tsuma aliinua mguu kidogo tu kwenye mafuta. Tangu hapo, kila Aqil alipotaniwa barazani, Tsuma aliinama kukaza nati ambayo haikulegea.

Sasa kifua cha Aidarus kilikuwa kimemchoka, na alitaka magari yapimwe tena.

"Gari lako lakohoa kunishinda," alimwambia Aqil.

"Lakohoa likikimbia. Wewe wakohoa umekaa!"

Wakacheka, mpaka kicheko cha Aidarus kikageuka kutafuta pumzi.

Gari la kijani lilizunguka kwa dakika moja na nusu kamili. Tsuma alipoliendea jeusi, Aqil alimshika kiwiko.

"Ndugu yangu, mwache aende na ushindi wake. Mie nishazoea."

Neno hilo la mwisho lilimkata Tsuma kuliko tusi. Akaenda kumwarifu Aidarus kwamba yu tayari. Mzee akamvuta karibu.

"Mwaka ule, kwenye kona, niliisikia injini ikilegea. Nikanyamaza, nikaitia saa mfukoni. Tsuma mwanangu, usinifanyie hisani tena."

Miaka yote Tsuma alidhani mzigo ule ameubeba peke yake. Kumbe upande wa pili ulikuwa na bega jingine.

Aliondoka. Mikorosho ikapita, kona ikaja, na mwisho wa njia kile kiti kikaonekana kidogo kama kibao cha mbuzi cha kukunia nazi. Mguu wake, kwa mazoea yake wenyewe, ukaanza kuinuka. Akaukandamiza kwenye mafuta mpaka chuma kikagonga sakafu.

Vumbi lilipotua, Aidarus alikuwa akiitazama saa.

"Ngapi?" Aqil aliuliza.

Aidarus aliufungua mnyororo kwenye kifungo cha koti. Ilimchukua muda, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Kisha akaitumbukiza saa mfukoni mwa Aqil.

"Huchelewa dakika mbili kwa siku," alisema. "Uitie ufunguo kila asubuhi."

"Inshallah," Aqil akajibu.

Tsuma alikuwa angali nyuma ya usukani. Hakuizima injini. Aidarus alikuwa amefumba macho, ameliinamishia gari jeusi sikio lake, akisikiliza.