Paa la Neindow

Sedi, fedha yetu ya Ghana, ilipoanza kupanda thamani, Sanatu alicheka kabla yetu sote. Tulikuwa bandani kwake mtaa wa Gurugu tukikanda siagi, mikono imezama hadi viwikoni katika uji wa kokwa za mti wa shea, redio ikasema dola imeanguka.

"Na yeye aone!" akasema Sanatu. "Miaka yote ametukalia kichwani kama mke mkubwa."

Tukacheka hadi mwenzetu Abibata akapaliwa. Siku zile petroli ilishuka, vijana wa pikipiki wakapiga honi Tamale nzima. Hakuna aliyekumbuka kwamba tonge letu lilikuwa likitoka kwenye dola ile ile.

Sanatu alikuwa akiuza siagi ya shea ng'ambo. Sisi wanawake wa mtaani tulimkandia na kumpikia, naye akaipeleka kwa Mdenishi mmoja, huko Denmark, mwenye kiwanda cha losheni. Walipatana bei mwezi wa kwanza, kwa dola, wakati dola moja ilikuwa sedi kumi na tano. Kwa hesabu hiyo akakopa benki, kwa sedi, akanunua kokwa kwa bei ya kugombania, maana mwaka ule zilikuwa adimu.

Kaka yake, Neindow, naye alikuwa mtu wa dola. Yuko Marekani, kazi yake kuwaogesha na kuwageuza wazee wasiojiweza. Kila mwezi alimtumia Sanatu fedha za nyumba aliyokuwa akijijengea mtaa wa Gumani. Zamani, sedi ilipokuwa ikianguka, alipiga simu kwa madaha: "Nimetuma zile zile, lakini huko zimezaa, sivyo? Ongeza chumba." Nyumba ikaota vyumba ambavyo hakuna aliyevipanga. Sasa ilibaki kuezekwa tu.

Mwezi wa tano nilimsindikiza Sanatu kwa Alhaji Gariba, mbadilisha fedha wa pale sokoni, kuulizia bei ya dola.

"Alhaji, jana ulisema kumi na mbili na nusu."

"Jana ilikwenda na watu wake, binti yangu. Leo kumi na moja. Ukienda kunywa chai ukarudi, nitakupa kumi."

"Unaniibia mchana kweupe!"

"Mimi? Mimi nimekalia dola nilizonunua kwa kumi na tano. Vuta kiti tulie pamoja."

Sanatu akamwandikia Mdenishi, akimwomba aongeze bei kidogo. Jibu lilikuja la adabu, lina pole nyingi: sedi ilipokuwa ikianguka, wewe hukuwahi kunipunguzia. Alitusomea kwa sauti. Mtu yule alisema kweli.

Na Idi ya kuchinja ilikuwa mlangoni. Tulikuwa tumekanda wiki nyingi kwa ahadi tu. Abibata, ambaye ulimi wake haukuumbwa kupumzika, akauliza mbele ya wote: "Sanatu, wanangu watavaa siagi siku ya Idi?"

Kesho yake tulilipwa sote, hakuna aliyepunjwa. Tukamwombea dua. Hatukuuliza fedha zimetoka wapi.

Zilikuwa fedha za mabati ya paa la Neindow. Sanatu alijiambia atazirudisha Mdenishi akilipa. Mdenishi akalipa, hakuchelewa hata siku moja. Lakini dola zilipogeuzwa sedi, benki ikachukua chake, mwenye lori akachukua chake, na kilichobaki kisingeezeka banda la kuku. Neindow akipiga simu kuuliza paa, Sanatu anamwambia mabati yamekwama bandarini. Mara fundi anaumwa. Mara mvua.

Neindow alikuja mwezi wa saba bila kumtaarifu mtu. Alibadilisha dola uwanja wa ndege Accra, akadhani yule binti wa dirishani anamfanyia mzaha. Alifika Tamale tayari amevimba kwa hasira, akapitia Gumani kuona nyumba yake kabla ya kufika kwa mama yake. Mimi ua wangu umepakana na wa Mma Azara, mama yao. Nilisikia kelele, nikavuka.

Sanatu alikuwa amechutama mbele ya kaka yake, ameshika bakuli la maji ya kumkaribishia.

"Mabati yangu yako wapi?"

"Kunywa maji kwanza, kaka."

"Maji nimeyakuta sebuleni kwangu. Kuna na mbuzi."

"Neindow," akasema Mma Azara, "hujanisalimia."

"Nitakusalimia, Mma. Huyu anijibu kwanza."

Sanatu akaweka bakuli chini. "Niliwalipa wanawake. Nilijua nitarudisha. Dola ikaanguka."

"Dola ikaanguka! Kila ninayemgusa mji huu wimbo wake ni huo. Na mgongo wangu je, haukuanguka? Nawabeba mama za watu, mama yangu sijambeba hata siku moja, ili wewe ugawe Idi?"

"Hata nisingezigusa, kaka, zisingetosha. Dola imeshuka, bati halijashuka. Ulichotuma ni nusu ya paa."

"Nusu ya paa ni paa! Wewe umenipa mbingu!"

Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe ulilipwa?"

"Nililipwa."

"Unaweza kurudisha?"

Fedha zile zilikuwa zimeshakuwa nguo za watoto, ada ya shule na dawa ya kidonda cha mume wangu. Nikatazama miguu yangu. "Siwezi."

"Mwache huyo," akasema Sanatu, na hapo ndipo nilipomsikia akipandisha sauti mara ya kwanza siku ile. "Huyo alifanya kazi. Mwizi wako ni mimi."

Neno lile alilitamka mwenyewe, na mji ukaliokota. Jioni ile Abibata alikuwa kwenye foleni ya maji akisema yeye angejua ni fedha za wizi asingezigusa hata kwa kijiti. Nikamwuliza mbona kitambaa alichonunua kwa fedha zile bado kiko mwilini. Mpaka leo hatusalimiani.

Baba zao wadogo waliitwa. Wakaamua mashine ya Sanatu ya kusagia kokwa iuzwe, Neindow afidiwe. Sanatu hakubisha, alitoa funguo kabla hawajamaliza kusema. Iliuzwa kwa bei ya kutupa, maana kila mwenye haja nayo alikuwa ameumia kama yeye. Ikaezeka vyumba vitatu. Vingine mpaka leo vinaota majani. Neindow akarudi Marekani kabla likizo haijaisha, ili akafanye zamu za ziada. Aliniaga mimi. Dada yake hakumuaga.

Sasa Sanatu anasimama sokoni kwenye mzani wa kampuni moja, ananunua kokwa mbichi kwa niaba yao, anapewa kamisheni. Sisi tuliokuwa tukimkandia siagi tunampelekea magunia ya kokwa, anatupimia, na lori linaondoka nazo kabla mtu hajazisaga. Mwishoni mwa mwaka sedi ikaanza kuteleza tena, na Mdenishi akaandika: anataka mzigo mara mbili, na safari hii yuko tayari kuzungumzia bei. Sanatu alinionyesha simu.

"Nimjibu nini? Kwamba nimebaki na mikono tu?"

Ijumaa Neindow humpigia mama yake, sauti imefunguliwa ili wote uani wasikie. Humwuliza hali ya magoti yake. Humwuliza hali ya baba wadogo, mmoja mmoja. Huniulizia hata mimi, na kidonda cha mume wangu. Sanatu huwa ameketi hapo hapo kwenye mkeka, anachambua bamia za mchuzi, kichwa ameinamisha. Mma Azara husubiri kidogo baada ya kila jina, simu ameishikilia katikati yake na Sanatu. Kisha Neindow husema haya Mma, kazi inaniita, na simu hukatika.