Bila Kofia Hakuna Ishara

Kitanda cha nyumba ile hakikuwahi kupoa. Asubuhi, mke akitoka kwenda kupanda winchi, mume ndiyo kwanza anaingia na unga kwenye nyusi, anajitupa palepale penye joto aliloacha mwenzake. Jioni, mke akirudi na vumbi la saruji kwenye kope, mume keshaamka, keshafunga aproni, mguu mmoja uko nje. Wanapishana mlangoni. Mlango huo ndio uliokuwa sebule yao na meza yao ya chakula, na Jumapili ikiwa bado mbali, ndio uliokuwa chumba chao cha kunong'onezana.

Mume watu walimwita Hamira. Si kwa sababu ya kuoka mikate tu, bali kila habari iliyopita mdomoni mwake ilitoka imeumuka. Mke alikuwa mwendesha winchi kwenye jengo refu lililokuwa likijengwa karibu na kiwanda cha mikate. Wanaume wenye buti nzito walimwita Bosi wa Juu, na wala hawakuwa wanatania. Nondo, tofali na zege, vyote vilisubiri mkono wake, nao pia walisubiri.

Shida ilikuwa moja, nayo ilikuwa ya mume. Hamira aliingia nchini kwa mlango kama mtu mstaarabu, muhuri ukagongwa, akaja kufunga matanuri ya kampuni fulani. Kampuni ikafa kabla tanuri la kwanza halijapata moto, na viza nayo ikafuata marehemu. Hamira akasema ataondoka kesho. Kesho ikazaa kesho nyingine, mpaka mwenyewe akaona haya kuzihesabu. Tangu hapo akawa mtu wa ajabu barabarani: akimwona yeyote mwenye sare, hata mlinzi wa duka la viatu, anageukia bango la matangazo na kulisoma kwa makini kama mwanafunzi aliyebakiza usiku mmoja kabla ya mtihani.

Kisha akaoa. Alioa kwa mapenzi, ingawa majirani walikuwa na hukumu yao. "Yule dada hajaolewa," walisema kwenye kamba za kuanikia nguo, "yule kagongwa muhuri." Neno likavuka kamba mpaka likamfikia mke mwenyewe. Hakugombana na mtu. Aliukung'uta mto wake mara moja, kwa nguvu, akaingia ndani.

Sheria ya nchi ile ilimpa Hamira upenyo: aliyeingia kihalali, hata kama muda umempita, akifunga ndoa ya kweli na raia anaweza kuomba ukaazi wa kudumu bila kutoka. Wakaomba pamoja. Kibali cha muda cha kufanya kazi kikatoka, Hamira akaanza kuwasalimia walinzi wa viatu. Kilichobaki kilikuwa mahojiano. Afisa akiamini kwamba ndoa ni ndoa, kadi ya ukaazi. Asipoamini, begi na uwanja wa ndege.

Siku moja kabla ya mahojiano Hamira alikwenda kunyolewa kwa shemeji yake, kaka wa mke, kinyozi mwenye majibu ya kila kitu kwa kuwa dunia nzima ilipita kwenye kiti chake.

"Shem, kaa sawa, kichwa chako kina makorongo," kinyozi alisema. "Haya, mimi ndiye afisa. Mswaki wake rangi gani?"

"Kijani."

"Safi. Analala upande gani wa kitanda?"

"Katikati."

Mashine ikazimwa. "Na wewe?"

"Katikati."

"Shem! Ninyi mnapangwa kama magodoro dukani, mmoja juu ya mwenzake?"

"Tunalala kwa zamu. Mtu akiwa peke yake kitandani ajibane pembeni anampisha nani?"

"Usilete hesabu zako. Nimewanyoa wengi waliopita pale na wengi waliorudishwa kwao. Afisa anataka upande. Wewe sema yeye hulala kushoto, dada naye aseme yeye ni kushoto na wewe ni kulia. Kwisha kazi. Uongo mdogo, hata dhambi unaionea aibu kuiita dhambi."

Jioni ile, mlangoni, Hamira alimfikishia mkewe ushauri. Mke alikuwa anafungua buti. Aliacha kamba ikiwa nusu.

"Nikiwa kule juu sioni kilicho chini," alisema. "Naamini mkono wa aliye chini. Akinidanganya kidogo tu, uongo mdogo huo wa kaka yangu, mtu anaangukiwa na nondo. Mimi sidanganyi kazini na sitadanganya ofisini. Nikiulizwa, nitasema katikati. Wewe sema unachotaka."

Kila mume anajua hiyo "sema unachotaka" ina maana gani. Hamira alitoka akiwa na nusu ya kichwa imepungua nywele na nusu imejaa mawazo.

Ofisi ya uhamiaji ilikuwa na benchi za chuma, feni moja inayozunguka kwa kulalamika, na kaunta ya mlinzi ambako kila mtu aliacha simu yake. Mke alihojiwa kwanza. Alipotoka aliambiwa akasubiri uani, huko chini, naye akapita mbele ya mumewe bila kumpa hata nukta ya jicho. Hivyo ndivyo alivyokuwa akiwa na mzigo hewani.

Afisa alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo. Aliuliza ya mswaki, akajibiwa. Akauliza jina la utani la mama mkwe, akajibiwa na akaongezewa mkasa ambao hakuuomba. Kisha akavaa miwani.

"Mkeo hulala upande gani wa kitanda?"

Neno "kushoto" lilikuwa limeshakaa kwenye ncha ya ulimi wa Hamira, limenyolewa na kupakwa mafuta. Akaliona begi. Akauona uwanja wa ndege. Akamwona pia mkewe na buti iliyofunguliwa nusu. Akameza.

"Katikati."

"Na wewe?"

"Katikati, mheshimiwa."

Afisa hakuandika kitu. "Mkeo kasema hayohayo. Kazi hii nimeifanya tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Nimeona ndoa za uongo za kila namna, lakini hata waongo hukumbuka kunipa upande. Haya, jana usiku mkeo alikula nini?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Nilikuwa tanurini. Yeye alikuwa nyumbani. Mimi naoka usiku, yeye anaendesha winchi mchana."

"Kwa hiyo hamlali pamoja, hamli pamoja. Mnaongea saa ngapi?"

"Mlangoni. Na saa ya chai, nikikatiza usingizi kumpelekea mkate. Yeye akiwa juu, mimi chini. Kwa mikono."

Afisa aliweka kalamu mezani, na Hamira akaumuka. Akasimulia jinsi alivyokuwa akipeleka mikate ya moto pale jengoni, akaona wengine wananunua lakini aliye juu ya winchi hashuki, maana kushuka na kupanda ni kazi ya nusu siku. Wakamwambia yeye huwa anateremsha ndoo kwa kamba, ampungie tu. Akapunga. Ndoo kimya. Akapunga mikono yote miwili, akarukaruka, mafundi wakawa wanashika mbavu. Msimamizi akamhurumia: yule hapokei ishara ya mtu asiye na kofia ngumu, hata mwenye jengo alishawahi kusimama juani akapigwa butwaa. Basi Hamira akachukua bati la kuokea mikate, akalivaa kichwani, akanyoosha mkono. Ndoo ikashuka.

"Kesho yake ikashuka tena," alisema, "ina kofia ya manjano ndani. Wengine hupewa maua, mheshimiwa. Mimi nilipewa kofia, na inanikaa."

"Hadithi tamu," afisa alisema. "Lakini wewe ni mwokaji, kukanda ndiyo kazi yako." Akainuka, akavuta pazia. Ghorofa ya tatu. Chini, uani, mke alikuwa ameketi kwenye benchi, na macho yake yalikuwa tayari kwenye dirisha lile. Mtu wa winchi humtafuta mtoa ishara wake kabla hajatafutwa.

"Simu zenu ziko kaunta," afisa alisema. "Usifungue mdomo. Mwambie aende mpaka kwenye lile gari jeupe, asimame, kisha aje mlangoni taratibu."

Hamira akasogea dirishani. Akanyoosha mkono wa kushoto, akausukuma hewani kama mtu anayefukuza kuku kwa adabu. Mke hakutikisika. Akarudia. Mke alikunja mikono kifuani, akamtazama vile mtu anavyotazama sanamu ya mtu asiyemfahamu.

"Hakuelewi," afisa alisema, na sauti yake haikuwa na ubaya, ila mkono wake ulikuwa umerudi kwenye kalamu.

Hamira akautazama mkono wake. Siku zote yeye ndiye aliyekuwa chini na mke ndiye aliyekuwa juu. Labda dunia ikigeuzwa hata ishara hupotea. Akanyoosha mkono mara ya tatu. Ndipo kule chini mke alipoinua kiganja, akajipiga utosini mara mbili.

Hamira alicheka mpaka kioo kikapata ukungu. "Kofia! Mheshimiwa, sina kofia!"

"Mtu wa ghorofa ya tatu ataangukiwa na nini?"

"Mwulize yeye. Naomba hicho kikapu chako cha taka."

Afisa alitazama kikapu, akamtazama Hamira, akakisogeza kwa mguu. Hamira akakigeuza, akakivaa, vipande vya karatasi vikamshukia mabegani kama bwana harusi aliyechelewa. Akanyoosha mkono.

Mke akasimama papo hapo. Akafunga vifungo vya koti, akatembea kushoto. Alipolifikia gari jeupe, Hamira akafumba ngumi: mke akaganda, mguu mmoja hewani, maana ngumi ni ngumi. Watu waliokuwa uani wakaanza kusogea kutazama. Yule aliyewahamisha wanaume na vyuma maisha yake yote, leo alikuwa mzigo mwenyewe, na alibebeka kwa kidevu kilichoinuka.

"Mrudishe nyuma kidogo," afisa alinong'ona. Keshasahau kwamba ndiye aliyekataza maneno.

Akarudi nyuma kidogo. Akaja mlangoni, taratibu, hatua za kuhesabu. Alipofika akainua uso, akagonga kifundo cha mkono, akalaza shavu kwenye viganja, kisha akatikisa kidole kimoja kirefu.

"Hayo sikuyaagiza," afisa alisema. "Anasemaje?"

"Anasema sijalala tangu nitoke tanurini, nikimaliza hapa niende moja kwa moja kitandani, nisipite kwa kinyozi."

"Na kidole?"

"Kidole ni kunigombeza. Mkono wangu ulilegea kwenye 'taratibu'."

Afisa akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa mtandio. "Lile jambo la kofia. Siku kama ya leo, mbele yangu, amekukatalia. Hukuumia?"

"Nilijivuna, mheshimiwa," Hamira alisema, kikapu bado kichwani. "Angenitii bila kofia, mimi mwenyewe ningekwambia andika hapana, huyu si mke wangu."

Afisa alitazama uani. "Mimi na mzee wangu tuna pande zetu kitandani, miaka na miaka," alisema, kama anayeongea na pazia. "Nikisimama hapa dirishani, sidhani kama angejua kunitafuta." Akaketi, akavuta faili, na safari hii kalamu ilikimbia. "Vua hicho kikapu. Jibu mtaletewa nyumbani."

Lililetwa, likiwa ndani ya bahasha nene, asubuhi moja Hamira akiwa ndiyo anavua viatu. Alivivaa tena. Alipita kwenye kamba za nguo, majirani wakiwa pale pale na vibanio vyao mdomoni, akawasalimia mmoja mmoja kwa majina, bila haraka, kadi ikiwa imechomoza kwenye mfuko wa shati. Alipita mbele ya askari wa barabarani na hakusoma bango lolote. Pale jengoni akavaa kofia yake ya manjano, akasimama mahali pake, akainua mkono.

Ndoo ikashuka. Akaweka mkate wa moto, na juu ya mkate akaweka kadi yenye picha yake ambayo, kwa haki, ilimfanya aonekane kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Akazungusha kidole hewani: pandisha. Ndoo ikapanda, ikawa ndogo, ikaingia dirishani kwa Bosi wa Juu.

Kisha honi ya winchi ikalia, ndefu, mpaka mafundi wakaacha sepetu na msimamizi akatoka kibandani akidhani kuna ajali. Ikalia tena. Kwenye kamba za nguo, mtaa wa pili, bila shaka waliisikia.

Hamira alisimama kifua mbele, akisubiri busu la mbali, au walau mkono wa kupungiwa. Kule juu dirisha likafunguka, mke akatoa kichwa, akajigusa chini ya kidevu mara mbili.

Hamira akajipapasa. Mkanda wa kofia ulikuwa unaning'inia.

Akaufunga.