Karanga za Watu Wawili

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi, na niseme mapema kabla hamjaanza kumtafuta. Nina miaka hamsini na saba. Thelathini kati ya hiyo nimeliandikia gazeti la mji wetu, na nimefukuzwa kwenye vibaraza vingi kuliko mbwa. Ulimwengu umenifunza sana. Ila kuna siku hunirudisha darasa la kwanza.

Tulifika kanisani saa tano asubuhi, mimi na Wade Tuten, mpigapicha wetu. Ndani kulikuwa na mkutano. Weusi watatu walikuwa wanautaka umeya, wazungu wana mtu wao mmoja, na Mchungaji Pinckney ameita watu wakubaliane nani abaki na wawili gani wakae pembeni, kabla kura hazijamegwa vipande vitatu. Habari ya ukurasa wa mbele hiyo. Wade alikuwa na kamera shingoni na mfuko wa karanga za kuchemsha mkononi, bado za moto. Miaka kumi na mmoja tumefanya kazi pamoja, na hatujawahi kwenda popote bila mfuko huo. Yeye hununua, mimi hula nyingi.

Mlangoni palikuwa pamebandikwa karatasi: WAANDISHI WEUSI TU.

Mbele yake alisimama Mama Ernestine, mhudumu wa mlango, miaka themanini na ushei, sare nyeupe, glavu nyeupe, mkono wa kushoto mgongoni kama yuko kwenye gwaride.

"Wewe pita," akaniambia. Kisha akamtazama Wade. "Wewe, mwanangu, pole. Si leo."

"Mimi na huyu ni gazeti moja, mama," Wade akasema.

"Karatasi nimeisoma. Haikusema gazeti."

Wade hakubisha. Alinigeukia, akaunyanyua ule mfuko kidogo, akasubiri. Mtu mwenye akili angeelewa anasubiri nini. Mimi nikaona nimepata pa kutania.

"Leo na wewe onja, Wade. Wenzio tunaonja tangu kuzaliwa. Kaa hapo ukutani, jua likikubabua vizuri huenda wakakuruhusu baadaye."

Akacheka, kicheko kifupi, cha adabu tu. Nikaingia.

Mama Ernestine alinitangulia, akanionyesha kwa kidole cha glavu benchi la tatu kutoka nyuma, kando ya dirisha. Benchi la watu wanane. Nilikaa peke yangu. Mbele alikaa Lavinia Sapp wa gazeti la wiki la weusi, pamoja na bwana mmoja wa redio, na kati yao palikuwa na nafasi. Nikamwambia Lavinia kwamba naweza kusogea. Akaweka mkoba wake pale penye nafasi.

"Kaa huko huko, Rudell," akasema bila kugeuka. "Zamani gazeti lenu lilikuwa na ukurasa wa weusi, kila Jumamosi, nyuma ya matangazo ya ng'ombe. Na wewe leo una benchi lako."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, maana anayetania watu asipokubali kutaniwa ni mwizi. Lakini kicheko kilipokwisha kila mtu alimgeukia mwenzake, na mimi nikabaki na pepeo la karatasi lenye tangazo la duka la majeneza. Kanisa lile nilibatizwa mle. Mama yangu aliagwa mle. Asubuhi ile hakuna aliyeniuliza hata nimeamkaje.

Dirishani nilimwona Wade. Alikaa kwenye ukuta mfupi wa uani, anamenya karanga polepole, maganda anatia kwenye kofia yake. Mfuko alikuwa ameuweka kuliani kwake, pale ninapokaa mimi siku zote.

Zikaimbwa nyimbo. Wagombea wakatoa salamu, mmoja mmoja. Kisha Mchungaji akapanda mimbarini, akafuta jasho, akasema, "Sasa tumefikia mambo ya nyumbani. Ndugu waandishi, kalamu chini."

Lavinia akaweka yake. Nami nikaweka. Basi habari niliyokuwa nayo daftarini ilikuwa kwaya na salamu tatu, na kwaya hata Wade aliisikia, ilifika hadi barabarani.

Nikasimama nitoke. Mchungaji akasema, "Tuombe."

Aliyelelewa kwenye makanisa yetu anajua: wakati wa maombi hatembei mtu. Kiganja cheupe cha Mama Ernestine kiliinuka mbele ya kifua changu, nami nikaganda katikati ya njia kama ng'ombe kwenye reli. Mchungaji aliuombea mji, akawaombea wagombea, akawaombea wagonjwa kwa majina, akayaombea hata mabomba ya maji. Macho yote yalikuwa yamefumbwa isipokuwa yangu, na kutoka pale niliposimama dirisha lilionyesha mti tu. Dakika ishirini na tano.

Amina ilipotoka kiganja kikashuka. Nikatoka nusu nakimbia.

Ukuta ulikuwa mtupu. Pikapu ya Wade haikuwepo. Mfuko ulikuwa pale pale, upande wangu, mdomo umekunjwa vizuri, nusu ya karanga ndani, zimepoa. Nikampigia simu. Ikaita mpaka ikachoka.

Mama Ernestine akatoka kupunga upepo ngazini. Nikamwendea na mfuko wangu mkononi, maana nilihitaji mtu wa kumlaumu na yeye ndiye aliyekuwa karibu.

"Mama, ile karatasi ni mbaya."

"Mbaya kwa nani?"

"Kwa yeyote. Mlango ukifungwa kwa rangi ya mtu umefungwa vibaya, hata tukiufunga sisi. Sisi hasa ndio tunaojua."

"Nilipoolewa nilipeleka picha gazetini kwenu," akasema, taratibu, kama anayesoma risiti. "Ukurasa wa maharusi. Hawakunifungulia hata mlango wa mbele. Picha ninayo mpaka leo. Sisi tumeomba asubuhi moja, tuongee wenyewe."

"Nakubali. Lakini Wade hakukataa picha yako, mama. Alikuwa hajazaliwa."

"Gazeti lilikuwa limezaliwa."

"Humjui Wade. Acha nikwambie ni mtu gani. Meya aliyepita aliwahi kuwaalika waandishi kwenye klabu ya wavuvi, ng'ambo ya mto. Bawabu akampitisha Wade, mimi akaniambia orodha imejaa. Wade akageuka pale pale mlangoni. Hakupiga hata picha moja. Mhariri alimfokea wiki nzima. Tulikaa nje kwenye gogo mpaka wenzetu wakatoka, tunakula karanga, mimi na yeye. Huyo ndiye mliyemwacha nje peke yake."

Mama Ernestine alivua glavu ya kulia, kidole kimoja kimoja, akauchungulia mfuko nilioushika.

"Na leo," akasema, "amekula na nani?"