Kizibo cha Motokaa ya Matano

Matano alikuwa dereva hodari, lakini ufundi hakuujua, na siku hiyo ya mwaka wa hamsini na nne alijionea mwenyewe. Kizibo cha chuma kilichozuia mafuta chini ya injini ya motokaa yake kuukuu kilikuwa kimekwisha meno, kikaanguka njiani. Matano, mtoto wa watu wa vyombo vya bahari, akafanya kama alivyowaona wajomba zake wakifanya kwenye mashua: akachonga kigingi cha mkoko, akakigongomea tunduni, akamimina mafuta ya akiba. Kigingi cha mashua hunywa maji kikavimba. Cha Matano kilipata joto la injini, kikasinyaa. Alipofika Gazi, mafuta yalikuwa yamechora mstari mweusi nyuma yake.

Fundi aliyekuwa karibu ni mmoja tu, Mzee Chome, naye alikuwa muundaji wa mashua.

Chome alikubali kabla hajaombwa mara ya pili. Angekuwa na akili angekataa. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu tangu mwaka uliopita, na sasa hakuona kitu ila mwanga wa mchana mlangoni. Siri hiyo aliijua mkewe Mwanapili peke yake. Ijumaa, mvuvi Boga wa Mkwiro angekuja kuagiza mashua mpya, kazi kubwa ya kwanza kwa miezi mingi, na Matano alikuwa mtu wa kubeba abiria na habari kwa pamoja. Akijua yeye asubuhi, Msambweni nzima itajua kabla ya adhuhuri, na Boga atatafuta fundi mwingine. Chome aliogopa kwelikweli, ila udadisi ulimzidi nguvu. Injini alizisikia zikipita miaka nenda miaka rudi, lakini hakuwahi kuigusa hata moja.

"Nimulikie," alisema, akalala chali akajisukuma chini ya gari ndani ya banda. Matano akachutama na kurunzi yake.

Chome aling'oa kigingi, akayakinga mafuta yaliyobaki kwa karai, akayasugua kati ya vidole.

"Yana chembechembe. Ni nini hizi?"

"Chuma, mzee. Injini hujila yenyewe kidogo kidogo."

"Ajabu! Na haijisikii?"

Akatia kidole tunduni. Meno yaliyobaki yalizunguka ukuta wa tundu na kupanda juu. "Kumbe mafuta hayazuiwi kwa kukazwa tu," alisema polepole. "Yanazungushwa mpaka yachoke."

Matano aliyeendesha gari miaka tisa hakuwahi kuliwaza jambo hilo. Akasema labda.

Chome akatoka, akaenda kwenye kasha la vyuma vyake, akapapasa bolti moja moja kwa ukucha wa kidole gumba mpaka akapata moja nene kidogo kuliko tundu. Kwenye ncha yake alichimba mifereji mitatu kwa tupa, akaipaka grisi, akarudi chini. Aliizungusha nusu mbele, robo nyuma, taratibu, bolti ikijichongea meno mapya na unga wa chuma ukinasa kwenye grisi. Kisha akaitoa, akaifuta, akasafisha tundu kwa mafuta ya taa. Ilibaki washa, kile kipete cha kuzibia chini ya kichwa cha bolti. Akaomba senti tano yenye tundu, akalipanua tundu lake kwa tupa, akaipasha sarafu kwenye makaa ili ilainike.

"Serikali ikiuliza nani ameiharibu, mimi sikuona," alisema, akacheka peke yake.

Akarudi tena chini kufunga. Alikuwa anakaza kwa spana, amejisahau kwa furaha, aliposikia Matano akigongagonga kurunzi kiganjani.

"Mzee, kurunzi imezimika."

"Iwashe basi."

"Betri zimekufa. Tangu ulipoanza kufunga."

Spana ikasimama.

"Zangu pia," alisema. "Zina mwaka."

Matano alikaa chini mchangani. "Sitamwambia mtu," alisema, na kwa mtu kama yeye hiyo haikuwa ahadi ndogo.

Kisha akayachuja mafuta ya karai kwa kitambaa, akayarudisha ndani ya injini, Chome amelala pale pale, kiganja chini ya kizibo. Kiganja kilibaki kikavu. Angenyamaza tu, kazi ya mashua ingekuwa yake. Lakini Boga alivua na wanawe wawili.

"Mwambie Boga," alisema. "Atawapakia watoto humo. Ajue ni mikono gani itakayoiunda."

Alijutia maneno hayo siku tatu mfululizo, akamkaripia Mwanapili bure kwa sababu ya chumvi.

Ijumaa Boga alikuja baada ya sala. Alitoa salamu, asiketi. Alimwekea Chome mbao mbili mapajani. Chome alizipitishia kucha, akazigonga, akazinusa.

"Hii ya kushoto imeliwa ndani. Nani amekuuzia?"

"Fundi mwenye macho mawili," alisema Boga, akavua viatu, akaketi mkekani. "Haya, mzee. Tuanze na urefu."

Chome akapapasa nyuma yake, akaivuta kamba ya kupimia.