Baiskeli Haili Nyasi

Watu huhama kufuata biashara, wengine hufuata ndoa, wengine maji. Mimi na mume wangu tulihama Geita kutafuta vijia vya baiskeli. Ukicheka nakuelewa. Na mimi nilicheka siku wazo hilo liliponitoka kinywani, tena nilicheka kwa hasira, maana sikuzaliwa na subira na wala sijaitafuta.

Mimi ni fundi cherehani, naitwa Martina, ila wengi wananiita Mama Nelly. Mume wangu ni Masalu, Baba Nelly, mchimbaji wa dhahabu tangu ujana wake. Mwaka juzi duara lao, yaani shimo la kuchimbia, liliporomoka akiwa chini na wenzake. Walitolewa wote wakiwa hai. Tulishukuru Mungu, tukachinja kuku, majirani wakala wakashiba, nami nikadhani yameisha.

Hayakuwa yameisha. Tangu siku ile Masalu hakuweza kukaa ndani ya chumba kilichofungwa mlango. Iwe nyumbani, iwe benki, iwe sakristia ya kanisa, mlango ukifungwa tu jasho linamtoka kwenye paji la uso, anasimama, anatoka bila kuaga. Akahamia kulala barazani, juu ya mkeka, chandarua kimefungwa kwenye nguzo. Mimi nikabaki ndani peke yangu kwenye kitanda cha sita kwa sita. Niliwahi kumwambia aingie, tuache mlango wazi. Aliingia, akalala macho kodo akiulinda ule mlango hadi kunakucha, na asubuhi alikuwa hoi kuliko mtu aliyetoka shimoni. Sikumwambia tena.

Majirani walisema nimemfukuza mume chumbani. Niliwaacha waseme. Ukweli ulikuwa mgumu zaidi kuueleza: mume ninaye, tunakula pamoja, tunapendana, na bado nilikuwa namkumbuka kama mtu aliyesafiri.

Daktari alimwambia afanye mazoezi na azungumze. Kuzungumza hakuweza. Mazoezi aliyapata kwa mhandisi mmoja mgeni aliyekuwa anarudi kwao, akamwachia baiskeli yake ya milimani. Si hizi zetu za kubebea magunia ya mkaa. Hii ina matairi manene yenye meno, springi mbele na gia nyingi ambazo sijui zote zinafanya kazi gani. Masalu akaanza kupanda nayo vilima vya pembeni mwa mji. Akirudi, kwa muda, alikuwa yule Masalu wangu. Anaomba chai. Ananitania kuhusu miwani yangu ya kushonea. Kisha jioni inaingia, naye anazimika taratibu na kwenda kutandika mkeka.

Vilima vile vina mashimo. Watu wanachimba, wakikosa wanaondoka, nyasi zinafunika. Siku moja tairi la mbele lilisimama ukingoni mwa duara la zamani ambalo hakuliona. Alirudi nyumbani akiisukuma baiskeli kwa miguu, na wiki ile yote hakuitania miwani yangu wala kitu kingine.

Ndipo nikapandwa na hasira. Nilizima cherehani nikamwambia, "Baba Nelly, tafuta mji wenye vijia visivyo na mashimo. Popote. Nitashona huko huko, kila mahali watu wanavaa nguo."

Alidhani natania. Nelly yuko shule ya bweni, kodi ilikuwa inakaribia kuisha, hapakuwa na cha kutuzuia. Tukaanza kuzunguka.

Mwenzangu, sijui kama umewahi kutafuta mji ukiwa na mwendesha baiskeli. Mimi nikifika mahali natazama soko, maji, na kama wanawake wa pale wanavaa magauni ya kushonwa au mitumba. Masalu anachuchumaa. Anachota udongo, anausugua vidoleni. Anatazama miti ina miiba ya namna gani. Anauliza ng'ombe wanapita wapi kwenda kunywa, kwa sababu, asikwambie mtu, kijia kizuri kuliko vyote ni kile kilichotengenezwa na ng'ombe. Ng'ombe hapandi mlima kwa pupa. Anauzunguka kwa hesabu yake, na baiskeli inapenda hivyo hivyo.

Masumbwe palikuwa na mwinuko mzuri, na biashara imechangamka. Lakini asubuhi ya pili alirudi mapema, akakaa chini ukutani bila kuvua viatu. Kulikuwa na machimbo mapya karibu na njia. Nilifunga mabegi.

Ushirombo nilipapenda mimi. Dada yangu Scolastika ameolewa pale, soko ni zuri, kuna misheni ya zamani na sherehe zake za ubatizo na kipaimara, na kila kipaimara ni magauni. Masalu aliendesha kwenye vijia vya msituni siku kadhaa akasema, "Ni pazuri." Alilala kwenye baraza la Scolastika kama alivyolala kwenye letu. Nikajiambia kwamba mtu hapati vyote, nikaenda kumwona mwenye chumba cha biashara karibu na soko, tukaelewana. Masalu aliniunga mkono vizuri kabisa, kwa upole ule ule uliokuwa unaniumiza.

Didia tulikwenda kuaga tu. Shangazi yake Masalu, Serafina, anaishi pale, na alisema hatatusamehe tukihama bila kumwona. Ilikuwa katikati ya masika, mpunga umesimama majarubani, udongo mweusi wa mbugani unanata kwenye viatu hadi unatembea umeongezeka urefu. Nikasema moyoni, hapa baiskeli haina lake.

Kumbe mbele ya mashamba kuna mwinuko wenye mawe makubwa na miti, na Masalu aliuona hata kabla hajashuka kwenye gari. Kesho yake alfajiri akatoka. Alirudi saa ya chai amelowa umande hadi kiunoni.

"Mama Nelly," akasema, "kuna kijia kule. Kinapanda kinazunguka mawe, kinashuka katikati ya nyasi zimefika hapa. Hakuna shimo. Hakuna mtu. Hata ng'ombe hakuna."

Shangazi alikuwa nje anapepeta mchele, hakusikia. Laiti angesikia, angemwuliza swali ambalo Msukuma yeyote aliyekulia kijijini angejiuliza: mahali penye nyasi namna hiyo, kwa nini hapana ng'ombe? Lakini Masalu alikulia kwenye machimbo. Kwake kijia kitupu kilikuwa bahati.

Siku ya tatu sungusungu walimkamata. Vijana wawili na marungu yao walimleta hadi uani kwa shangazi, yeye mbele, baiskeli katikati, kwa heshima zote.

"Shikamoo mama," mmoja akaniamkia. "Huyu baba tumemkuta ndani ya ngitili."

Shangazi Serafina aliweka ungo chini akashika kichwa. Ngitili ni malisho ambayo kijiji kinayafunga mvua zinapoanza, nyasi zikue bila kuguswa, ili kiangazi kikija mifugo isife njaa. Mpaka siku ya kufunguliwa haingii mtu. Watu wamegombana na ndugu zao wa tumbo moja kwa sababu ya ngitili.

Mchana ule tuliitwa mbele ya kamati. Walikuwa wanakutana kwenye ghala la pamba, jengo kubwa la bati lenye milango miwili ya chuma na vidirisha vidogo juu kabisa. Nilipoliona nilisimama. Masalu naye alisimama. Milango ilikuwa wazi, kwa hiyo aliingia, akachagua mahali pa karibu na mwanga. Nikakaa nyuma yake kwenye gunia, tayari kuinuka naye.

Mwenyekiti alikuwa mwanamke mnene, mtulivu, wanamwita Mama Bartholomeo. Alikuwa anamenya karanga wakati wote wa kesi.

"Baba," akasema, "ngitili imefungwa. Hukujua?"

"Shikamoo mayu," Masalu akajibu, akimwita mama kwa Kisukuma. "Kwamba ni ngitili sikujua, hilo ni kosa langu. Ila naomba kuuliza. Ngitili si hufungwa kwa ajili ya mifugo?"

"Ndiyo."

"Basi mimi sikuingia na mfugo. Baiskeli haili nyasi."

Kamati ilinung'unika. Nami nilishangaa, kwa sababu mume wangu alikuwa anabishana. Tangu duara liporomoke hakuwahi kubishana hata na muuza nyanya.

Mzee mmoja, Stanslaus, akauliza kuhusu kukanyaga. Masalu akamweleza kwamba tairi lake linapita juu ya kijia cha zamani cha ng'ombe, mahali ambapo nyasi haziwezi kuota. Mzee akauliza uzito. Masalu akajibu kwamba ng'ombe mmoja ni mzito kuliko yeye na baiskeli yake, na shangazi yake juu. Watu wakaguna kwa kicheko. Alikuwa amesogea katikati ya ghala bila kujijua, mikono inacheza hewani, anaeleza jinsi kijia kile kinavyozunguka jiwe kubwa na kushuka, jinsi unavyoachia breki pale kwenye nyasi ndefu na kusikia zinakupiga magotini. Sikuwahi kusikia haya. Alikuwa anawaambia wageni, na mimi nilikuwa nakunywa kila neno.

Mvua ikaanza kupiga bati, kisha upepo ukaielekeza ndani. Mtu akanyanyuka akasukuma milango. Nilisikia chuma kikigonga chuma.

Nilishika mkoba wangu. Nilitazama paji la uso la Masalu, nikisubiri jasho.

"Leteni hiyo baiskeli," Mama Bartholomeo akasema.

Wakaileta mbele yake. Akaweka karanga pembeni, akainama, akachunguza magurudumu, kisha akaingiza vidole kwenye cheni, pale kwenye gia za nyuma, akachomoa kishada kizima cha nyasi mbichi kimesokotana. Akakiinua juu watu wote wakione.

"Haili nyasi," akasema. "Na hiki ilichokuwa inatafuna ni nini?"

Ghala lilicheka. Mzee Stanslaus alicheka hadi akakohoa. Masalu alitazama kile kishada, akafungua mdomo ajitetee, badala yake naye akacheka. Alicheka kicheko chake chenyewe, kile cha kuinama na kushika magoti, ambacho mara ya mwisho nilikisikia Nelly akiwa bado darasa la sita. Milango ilikuwa imefungwa, mvua inaunguruma juu ya vichwa vyetu, na mume wangu alikuwa katikati ya chumba anajifuta machozi ya kucheka. Na mimi nilijifuta, ila yangu yalikuwa ya namna nyingine.

Watu walipotulia, Mama Bartholomeo akachukua tena karanga zake.

"Hapa kwetu adhabu ni mbili," akasema. "Mpita njia anatoa mbuzi, anaondoka, hatumdai tena. Mwenyeji hatoi mbuzi. Mwenyeji analinda. Kila asubuhi anaizunguka ngitili, akiona ng'ombe kaingia anatoa taarifa, mpaka siku ya kuifungua. Na wewe kwa kuwa kijia umeshakijua, utapita humo humo. Sasa tuambieni, ninyi ni watu gani?"

Masalu aligeuka akanitazama. Nilijua anawaza nini. Alikuwa anawaza chumba cha sokoni, dada yangu, magauni ya kipaimara. Anapowaza mambo yangu uso wake huwa mwema sana, na mwema kupita kiasi.

"Wapita njia, mayu," akasema. "Mke wangu ameshapata mahali Ushirombo. Mbuzi nitatoa."

"Anawadanganya," nikasema.

Kamati nzima ikanigeukia. Sauti yangu ilitoka kali kuliko nilivyokusudia, lakini sauti yangu ndiyo hiyo, nimezaliwa nayo.

"Sisi ni wa hapa," nikasema. "Mimi ni fundi cherehani. Nitatafuta chumba kesho. Mpeni adhabu yake."

Mama Bartholomeo alinitazama kidogo, akatikisa kichwa kukubali, akasema "Wabeja," asante ya Kisukuma, na kesi ikaisha. Mvua ilikuwa bado nzito, kwa hiyo hakuna aliyetoka. Watu wakakaa kwenye magunia wakapitishiana karanga. Masalu alikuja akakaa kando yangu, begani kwangu kabisa.

"Mbona umesema vile?" akauliza kwa sauti ya chini. "Ushirombo ulipapenda. Hapa utamshonea nani?"

Nilimwonyesha milango kwa kidevu.

Alitazama. Alitazama kwa muda mrefu ile milango ya chuma na komeo lake, na vile vidirisha vya juu. Nikahisi pumzi yake inabadilika, kisha mkono wake ukautafuta wangu juu ya gunia, ukaushika kwa nguvu. Ulikuwa na jasho.

"Nikufungulie?" nikamuuliza.

Mvua ilikuwa inaupiga ule mlango kwa pembeni. Akanisogelea zaidi.

"Acha kwanza," akasema. "Utalowa."