Mtu wa Kunikatalia
Nilitumwa Mbale kutoka Singida kufundisha watu kukamua alizeti, na kwa wiki mbili nilijiona mwalimu hodari. Nchi zetu zilikubaliana kuazimana mafundi, na ghala la bwana Lalit, tajiri wa Jinja, lilikuwa linageuzwa kiwanda cha mafuta. Wanafunzi wangu walikuwa saba, wengi wao askari magereza wastaafu. Kila nililosema walijibu, "Ndiyo, afande."

Jumanne ya wiki ya tatu nilimkuta Bogere, mmoja wa wastaafu wale, amefunga tena koki ya maji ya boila niliyomkataza kuifunga. Kwa hasira tu, nikawatangazia upuuzi kwamba kesho tutamimina uji ndani ya boila, lile tangi la chuma la kuchemshia maji yawe mvuke. Wote wakaitika ndiyo, na Bogere akaandika kwenye daftari.

Mchana ule nikaiona hatari ya ndiyo zile. Boila si sufuria. Ukiiwasha bila maji inaweza kupasuka na kuua walio karibu, na walio karibu wangekuwa hawa hawa, mimi nikiwa nimesharudi kwetu nasifiwa kwa kazi nzuri. Aliyenifumbua macho ni Docus, mwanamke pekee katika wale saba, aliyekulia kwenye kota za magereza.

"Huku Kiswahili ilikuja na bunduki," aliniambia. "Mtu anasema ndiyo kwanza. Kuelewa ni baadaye, kama bado uko mzima."

Nikamwambia kuanzia leo atakayenikosoa ndiye aliyefaulu. Akajibu, ndiyo, afande. Nilitamani kulia.

Basi nikaacha kuhutubia. Nikawapa wao zamu ya kunifundisha mimi, kwa lugha zao, Lumasaba au Lusoga, wakipenda, nami nikawa nakosea makusudi ili wanikamate. Waliniona nikikosea, wakainamisha macho kwa adabu. Adabu ile ilinitia hofu kuliko utundu wowote.

Ijumaa Lalit akaja na wageni waliovaa tai, wote wana haraka ya kurudi Jinja. Akaniuliza tunangoja nini. Nami, mtu mzima, nikataka kuonekana. Nikamwamuru Docus awashe moto.

Hakusogea.

"Hapana, bwana," alisema polepole. "Maji iko chini. Mimi siwashi."

Niligeukia kioo cha kuonyesha maji. Kilikuwa kitupu. Koki ilikuwa imefungwa, na safari hii sikuwa nimekosea makusudi. Lalit alikunja uso. Bogere alisimama wima akingoja nimfokee mwenzake. Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo, maana sasa ningeweza kupanda basi la kwetu bila kuacha maiti nyuma yangu.

Docus alikuwa bado ananitazama, kiberiti mkononi.

"Fungulia maji kwanza," akaniagiza.

"Ndiyo, afande," nikamjibu, nikaenda kufungulia.